Adhabu Yenye Mwisho

Wapendwa, katika sharika zetu za Karagwe na Kyerwa hupenda kusema kwamba mtoto ni wa wote. Tunalisema hilo kwa furaha siku ya ubatizo. Je, ni wa wote pia siku anapokamatwa akiwa na panga lenye damu?

Swali hili lilitufikia pale kijana wa miaka 16, aliyepata kipaimara kwetu, alipomkata mwenzake katika ugomvi uliozukia kwenye rubisi. Mkono wa kulia wa yule mwenzake haukupona sawasawa. Vijana wote wawili ni wetu, na mama zao waliimba kwaya moja. Baada ya ibada wengi walisema, "Afungwe maisha, tupumzike."

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haisemi hivyo. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto hahukumiwi kifungo cha gerezani. Kesi yake husikilizwa na Mahakama ya Watoto, si mbele ya umati. Akipatikana na hatia katika kosa ambalo mtu mzima angefungwa, mahakama yaweza kumpeleka shule ya maadilisho, nayo iko Irambo, Mbeya, mbali sana na Kayanga na Nkwenda. Kesi ya mauaji huenda Mahakama Kuu. Hata huko, aliyetenda kabla ya kutimiza miaka 18 hahukumiwi kunyongwa, bali huwekwa kizuizini kwa muda atakaoridhia Rais.

Kwa hiyo mengi hutegemea umri, na watoto wengi wa vijijini hawana cheti cha kuzaliwa. Ndipo daftari letu la ubatizo lilipoombwa. Mstari mmoja, ulioandikwa na mwinjilisti wa mtaa miaka mingi iliyopita, ulionyesha siku aliyozaliwa kijana yule. Kalamu ya mwinjilisti ikasimama kati ya mtoto na gereza. Akapelekwa Irambo.

Lakini mama wa aliyejeruhiwa alitujia akauliza, "Baba Mchungaji, yule sheria imemwangalia. Mkono wa mwanangu utaangaliwa na nani?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Tulikaa naye kimya, kisha tukaomba.

Tulirudi kwa Kaini. Mungu hakulifanya kosa lake kuwa dogo: damu ya Habili ililia kutoka ardhini, na Kaini akapoteza shamba lake. Hata hivyo Mungu yuleyule alimtia alama ili asiuawe na yeyote amwonaye. Hukumu ilikuwepo, na mpaka wa hukumu ulikuwepo. Sisi Walutheri tumefundishwa kushika Sheria na Injili pamoja. Anayetaka msamaha usiotaja damu hajamsikia Habili, na anayetaka adhabu isiyo na mwisho hajaiona alama ya Kaini.

Adhabu ya mahakama ina mwisho. Ya kijijini mara nyingi haina. Kijana yule alirudi amemaliza adhabu yake, akakuta anaitwa "yule wa panga", wala hapati kibarua cha kuchuma kahawa.

Wazee wa usharika waliketi na familia zote mbili. Baba wa mkosaji aliomba radhi mbele yao. Akina baba wakapanga zamu ya kupalilia migomba ya familia ya aliyejeruhiwa, na kijana aliyerudi huenda nao, akifanya kazi upande wa mbali wa shamba. Mama yule bado hajakubali kuketi benchi moja na mama mwenzake. Hatumharakishi.

Basi, ndugu zetu, andikisheni tarehe za kuzaliwa za watoto wenu, serikalini na kanisani. Msimpe mtoto jina la kosa lake. Na kabla hamjamkaribisha aliyerudi, nendeni kwanza kwa aliyeumizwa, mkiwa na jembe mkononi.