Kofia ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alizaliwa na ualbino. Jumapili moja ya Matawi, hapa Bukavu, mawingu yalikuwa yametanda juu ya ziwa Kivu na hewa ilikuwa baridi. Mimi ndimi niliyeisimamia kwaya. Nikamwambia, «Vua kofia hiyo, inaharibu sare yetu, leo hakuna jua.» Akanitii. Tukaandamana hadi saa sita. Usiku hakulala, shingo na masikio vilikuwa vyekundu, na kesho yake malengelenge yakatokea. Hakunilaumu. Mama alinitazama tu, akanyamaza.

Muuguzi alinifundisha nisilolijua: mionzi inayounguza hupenya mawingu, nayo huzidi ukali kadiri mtu anavyopanda milimani, na mji wetu uko karibu mita 1.500 juu ya bahari. Ngozi isiyo na rangi ya kuikinga hukusanya madhara hayo mwaka hata mwaka, na mwishowe yaweza kuleta kansa. Mafuta ya kujikinga na jua, yenye kipimo cha 30 au zaidi, hupakwa kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Lakini kofia pana na nguo ya mikono mirefu ndizo ngao ya kwanza.

Sasa kwaya yetu huchanga fedha za mafuta hayo, na maandamano huanza saa moja asubuhi. Wapendwa vijana, katika kikundi chenu, ni nani anayeungua kimya kwa ajili ya sare yenu?