Kauli Isiyomtaja Mtenda

Katika sarufi ya Kiingereza ipo kauli ambayo wanafunzi hujifunza kwa taabu, kisha huitumia maisha yao yote bila ya kuitafakari. Nayo ni kauli ya kutendwa ikiongozwa na visaidizi kama "must", "may", "can" na "should". Umbo lake si gumu: hutangulia kisaidizi, hufuata "be" isiyobadilika, kisha huja umbo la tatu la kitenzi.

Mwanafunzi mmoja wa Tanga aliandika "can to be done" mara nyingi, kwa kuwa Kiswahili husema yaweza kufanywa, na ile "ku" ilimfuata hata ugenini. Mwalimu wake alimsahihisha kwa subira mpaka kosa likatoweka. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni, "The door must be closed," akauliza ni nani atakayeufunga mlango. Darasa likanyamaza. "Sentensi imetimia," akasema, "lakini mtenda hayumo. Mkitaka kumtaja, mtangulizieni 'by'. Mkimwacha, jueni kwa nini mmemwacha."

Mwanafunzi yule alipokuwa mtu mzima alipata ukarani katika shule moja. Akaandika barua kwa wazazi: "Fees must be paid. Pupils may be sent home." Haikuwa na kosa hata moja, naye akaifurahia. Jioni alimkuta dada yake, mjane, ameishika barua ile ile, kwani mwanawe alisoma pale.

"Nisomee, mdogo wangu."

Akamsomea kwa Kiswahili: ada lazima ilipwe, wanafunzi waweza kurudishwa nyumbani.

"Warudishwe na nani?" akauliza dada. "Nimwendee nani nikamweleze hali yangu?"

Karani hakuwa na jibu. Barua haikumtaja mtu, walakini mkono ulioiandika ulikuwa wake.

Usiku ule aliwaza sana. Kauli yenyewe haikuwa na hatia. Ibara ya 4 ya Tangazo la Kimataifa la Haki za Binadamu, la mwaka 1948, yakataza kwa umbo hili hili, "shall be" na kitenzi chake, mtu yeyote kuwekwa utumwani. Pale nako mtenda hakutajwa. Lakini ameachwa ili katazo limshike kila mtenda, awe mfalme au tajiri, asipate wa kuponyoka. Katika barua ya shule mtenda aliachwa ili asionekane. Umbo ni moja, nia ni mbili.

Asubuhi alimwomba mkuu wa shule ruhusa ya kuiandika barua upya. Sentensi ya kwanza aliiacha ilivyo. Katika ya pili alimtaja mkuu wa shule kuwa ndiye mwenye uamuzi, akaongeza siku na saa ambazo mzazi mwenye dhiki angeweza kumwona. Mkuu aliisoma mara mbili, akanyamaza kidogo, kisha akatia sahihi.