Fomu Mbili, Jibu Moja

Mwaka 1974, nilipokuwa kidato cha sita nikisoma Fizikia, Kemia na Hisabati, niliandika neno "Uhandisi" katika fomu ya kuombea nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa hati kubwa kuliko ile niliyoandikia jina langu. Kitivo hicho kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1973 tu, kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, na kabla ya hapo kijana wa Tanzania aliyetamani uhandisi alikuwa hana budi kwenda Nairobi au kuvuka bahari; basi tulikitazama kwa taadhima kama mlango wa peponi, na wenzetu wa Historia, Kiswahili na Fasihi tuliwahesabu kuwa ni watu walioshindwa hesabu.

Marehemu mjomba wangu, mwalimu wa chuoni na mjuzi wa tenzi pale Pangani, hakuridhika. "Mjomba," aliniambia, maana ndivyo tulivyoitana sote wawili, "hayo utakayoyajua utamwambia nani, na kwa lugha ipi?" Akanikumbusha kwamba Shaaban Robert, pamoja na fahari yake yote katika ushairi, aliwahi kula mshahara wa ofisi ya upimaji ardhi mjini Tanga, wala kazi ile haikumnyang'anya kalamu. Nilimsikiliza kwa adabu, ilhali moyoni nilimdharau. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Novemba ya mwaka ule likaja Azimio la Musoma, TANU ikakata shauri kwamba amalizaye kidato cha sita asiende Chuo Kikuu moja kwa moja, bali atangulie kufanya kazi, kisha aombe akiwa na ushahidi wa tabia na bidii yake. Nilipotoka Jeshi la Kujenga Taifa nikapangiwa karakana ya shamba moja la mkonge mkoani Tanga, chini ya fundi mkuu mtu mzima, ambaye Kiingereza hakukijua, lakini jiriwa, keekee, tupa na parafujo alizijua kama mtu ajuavyo vidole vyake. Alikuwa akigusisha ncha ya bisibisi kwenye mtambo unaozunguka, mpini akautia sikioni, kisha husema, "Linakoroma, bado halijalia," na kwa maneno hayo mawili hujulikana kama kazi itaendelea au itasimama.

Siku moja beringi ya korona, ule mtambo uchunao majani ya mkonge yakabaki singa, ilishika moto kupita kiasi. Nilipima, nikapiga hesabu, nikaona dhahiri kwamba shafti mbili zimepishana kidogo. Na kwa kuwa neno nililolijua lilikuwa la kitabuni tu, nikaamuru kwa majivuno shafti "zialainiwe", nikaenda zangu kula. Mafundi wakaitikia, wakaleta mafuta, wakashindilia grisi hata ikamwagika. Kabla ya alasiri beringi ilikuwa imeungua. Korona ikasimama siku tatu, na majani yaliyokwisha kukatwa, ambayo hayapendi kungoja, yakakauka uwanjani.

Nilipogomba, mzee yule alinijibu bila hasira: "Mwanangu, ulisema zilainishwe, tukazilainisha. Kumbe ulitaka zilinganishwe? Ungalisema." Sikuwa na jawabu, kwani hesabu yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo hata mwisho, na hasara ile yote ilitoka katika neno moja ambalo mtoto yeyote wa pwani analijua, nami nilikuwa nimeliacha nyumbani kama kitu kisichostahili kuingia karakanani.

Tangu jioni ile nikaanza kuandika katika daftari maneno ya mafundi, na kila nilipokwenda Pangani nilimsomea mjomba, naye akiyapima moja moja, hili akilisifu, lile akiniambia wajenzi wa majahazi wana lililo bora zaidi.

Mwaka 1977 nikaletewa fomu ya pili. Sahibu zangu, waliokwisha kuona mapenzi yangu ya daftari lile, walidhani nitahamia Kiswahili. Nami niliwaza hivyo usiku kucha, kisha nikaandika "Uhandisi" kama mara ya kwanza. Mjomba alipoisoma alicheka, akauliza limebadilika nini. Nikamwambia kwamba lile swali lake, la nitamwambia nani na kwa lugha ipi, sasa nina jibu lake. Nikampa daftari anisahihishie kabla sijasafiri.