Kabla ya Mombasa, Panda Kilima cha Pimbi

Kila mwaka Novemba ikiingia, meseji ninayopata kuliko zote ni moja: "Bro, Disemba tunaenda Mombasa, tubebe ngapi?" Na wanaouliza ni wasee wa hapa hapa. Lanet, Free Area, Kaptembwo, London yetu ya Nakuru. Wamechanga tangu Juni. Watalala kwa basi, wapige picha Fort Jesus, waposti, warudi Januari na deni.

Sina shida na Mombasa. Bahari ni bahari, na Fort Jesus ni mzigo: Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 na bado imesimama. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2011. Hapo sawa.

Sasa sikia hii. Mwaka huo huo wa 2011, kwenye kikao kile kile, maziwa matatu ya Bonde la Ufa yaliingia pia kwenye hiyo orodha: Nakuru, Elementaita na Bogoria. Heshima ni ile ile, daraja ni lile lile. Moja ya hayo maziwa unaliona ukiwa umeanika nguo juu ya ghorofa. Lakini ukiuliza msee wa miaka ishirini mtaani kwetu mara ya mwisho alienda lini, anakuambia darasa la sita, na basi la shule, na anachokumbuka ni mwenzake aliyetapika njiani.

Mimi niko na miaka ishirini na mbili. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu hapo nalipa kodi kwa kamera na simu. Watu hupenda kuniuliza kama dropout anaweza kufunza mtu historia. Sijui kama naweza kufunza. Ninachojua ni kwamba miaka miwili hii nimezunguka kila mahali penye ubao wa makumbusho kati ya Mai Mahiu na Bogoria, nikitoka asubuhi na kurudi nyumbani kabla mathe hajafunga mlango, na karibu kila mahali nilikuwa mtu pekee wa rika langu ambaye hakuletwa na mwalimu.

Chukua Kariandusi. Wewe umesimama Kikopey mara ngapi kula nyama? Kariandusi iko karibu na hapo, unakata kona tu kutoka barabara kuu ya Nairobi. Louis Leakey alianza kuchimba pale mwishoni mwa miaka ya 1920. Yale mashoka ya mawe yaliyolala pale yalichongwa na watu walioishi miaka laki kadhaa iliyopita, kabla binadamu wa aina yetu hajaonekana duniani. Mengine yamechongwa kwa obsidiani, lile jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama chupa iliyovunjika. Ukiliangalia unaelewa kitu ambacho kitabu cha shule hakikunipa: kwamba kulikuwa na fundi. Mtu alikaa hapo, akageuza jiwe mkononi, akagonga upande mmoja, akageuza tena. Alikuwa na ujuzi na hakuwa na cheti. Nilicheka peke yangu.

Au chukua lile kanisa dogo la Mai Mahiu, lile la mawe chini ya mteremko, ambalo matatu hulipita kama halipo. Lilijengwa mwaka wa 1942 na wafungwa wa kivita Waitaliano, wale wale waliofanyishwa kazi ya kujenga barabara ya kupanda huo ukuta wa bonde. Ni dogo kiasi kwamba familia yangu na majirani wakiingia limejaa. Watu walio mbali na kwao, wafungwa, na wakapata nguvu ya kujenga mahali pa kuomba. Hiyo ni stori ya kusimamisha gari, hata kama wewe si Mkatoliki.

Lakini sitaki mfikiri naandika tangazo la utalii, kwa sababu kuna kitu kinanikera.

Huku kwetu tumezoea kupewa stori nusu. Mfano mzuri ni ile ngome ya Lord Egerton kule Ngata. Kila mtu anajua stori yake: mzungu alimpenda mwanamke, akamjengea nyumba, mwanamke akaiona ndogo kama banda la kuku, akamkataa. Jamaa kwa hasira akajenga kasri la vyumba 52 na akapiga marufuku wanawake kukanyaga hapo. Wapenzi wanaenda kupiga picha za harusi mahali ambapo bibi harusi hangeruhusiwa kuvuka geti. Kichekesho kabisa, na mimi pia nimepiga video ya hiyo stori, ikafanya vizuri.

Ujenzi ulianza 1938, ukaisha 1954, na mwenyewe akafariki 1958. Miaka kama kumi na sita ya kubeba mawe. Uliza: nani aliyabeba? Uliza tena: mtu kutoka Uingereza alipataje shamba Ngata? Jibu haliko kwenye stori ya mapenzi. Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900. Mwaka wa 1904 Wamaasai walitiwa saini mkataba uliowahamisha kutoka hili bonde, Naivasha na Nakuru ikiwemo, wakapelekwa Laikipia. Mwaka wa 1911 wakaondolewa Laikipia pia, wakasukumwa kusini. Ardhi ikabaki "tupu", walowezi wakagawiwa. Ndio sasa mtu anaweza kuwa na nafasi ya kujenga kasri kwa sababu ameachwa.

Kusema ukweli wote haimaanishi tuchukie hilo jengo. Huyo huyo Egerton alianzisha shule ya kilimo Njoro mwaka wa 1939, na leo ni chuo kikuu ambacho kimesomesha nusu ya majirani zangu. Nasema tu, ukienda, tembea na stori yote. Usikubali kuuziwa moyo uliovunjika peke yake.

Menengai ni vivyo hivyo. Watu wanapanda kuona shimo, na ni shimo la maana, kilomita kama kumi na mbili kwa nane, na ukisimama ukingoni unahisi miguu inalegea. Lakini hapo pia ni kaburi. Inasimuliwa kwamba karne ya 19, kwenye vita vya Wamaasai wao kwa wao, mashujaa wa Ilaikipiak walishindwa na kusukumwa humo ndani. Siku hizi watu hushuka kwenye mapango kufunga na kuomba, na ng'ambo ya pili kuna visima vya mvuke wa kuzalisha umeme. Vita, maombi na stima, shimo moja. Na sisi tunaenda na spika ya bluetooth.

Sasa nifike kwa kitu ambacho kilinifanya niandike hii.

Ziwa Nakuru limekuwa likipanda tangu kama mwaka wa 2010. Halina mto wa kutoka. Maji ya mito ya Njoro, Makalia na Nderit yakiingia, njia ya kutoka ni jua tu. Mvua imeongezeka, misitu ya Mau imekatwa, maji yanashuka kwa kasi na udongo. Geti kuu la zamani la mbuga lilimezwa, ikabidi lihamishwe. Maji mapya yalipunguza magadi, na chakula cha flamingo kinahitaji magadi, kwa hivyo wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Zile picha za ziwa la waridi ulizoona kwenye kalenda ya shosho ni za ziwa lingine, ingawa jina ni moja.

Na ziwa likamea miguu likaingia mtaani. Mwariki kuna nyumba ambazo maji yaliingia na hayakutoka. Naivasha, Kihoto, vivyo hivyo.

Mwaka jana kampuni fulani ilinipa kazi ya video ya ziwa. Wakataka ile miti mikavu iliyokufa ikiwa imesimama ndani ya maji, jua likizama, muziki wa polepole. Ni picha nzuri, siwezi kudanganya. Nikawaambia nitaweka sekunde ishirini za Mwariki, kwa sababu ni maji yale yale. Wakasema hapana, hiyo inaharibu mudi. Tukavutana siku tatu. Mwisho nikakataa kazi. Sijivunii sana, kwa sababu kodi ya mwezi huo mathe alilipa nusu, na mathe anauza mboga.

Lakini kuna jamaa tuliyesoma naye shule ya msingi, kwao ni Mwariki. Au tuseme kwao kulikuwa Mwariki. Baba yake bado ana hati ya shamba, ameiweka kwa bahasha ya plastiki. Wiki moja kabla ya hiyo kazi nilikuwa nimemwambia, "Twende mbuga, nikulipie, tupige picha za ziwa." Akaniangalia. Akasema, "Yaani ulipe kiingilio ndio nione ploti yetu?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Hatukuenda mbuga. Tulienda Hyrax Hill, kilima cha pimbi, mwendo mfupi wa matatu kutoka katikati ya mji kwenye barabara ya Nairobi. Mary Leakey alichimba hapo mwaka wa 1937, na serikali ya kikoloni ikapalinda kama mnara wa kitaifa mwaka wa 1943. Kuna makaburi ya kale, kuna mashimo ya Sirikwa ambamo watu waliweka ng'ombe zao, na kuna bao. Bao kabisa, limechongwa kwenye mwamba, vishimo safu kwa safu. Tuliokota vijiwe tukacheza. Alinifunga.

Mzee anayetembeza watu alituambia kitu kingine: kwamba maelfu ya miaka iliyopita ziwa lilikuwa kubwa hivi kwamba maji yalifika chini ya hiki kilima tulichosimama. Jamaa yangu akanyamaza. Halafu akauliza, "Kwa hivyo lilikuwa linarudi kwake?"

Mzee akamwambia, "Kijana, hata kama ni kwake, ninyi mlipaswa kuambiwa kabla ya kununua."

Tukapanda juu kabisa. Kutoka pale unaona mji na ziwa lote. Akanyoosha kidole akanionyesha upande wa kwao ulipo, chini ya maji. Alinionyesha mahali mwembe ulikuwa. Sikutoa simu.

Ndio maana nasema hizi safari za siku moja si za masikini waliokosa doo ya Mombasa. Ndizo zinakufanya ujue unaishi wapi. Nakuru ikawa jiji Disemba 1, 2021, na sasa kila mtu anauza ploti. Mtu ambaye amesimama Hyrax Hill na kusikia ziwa liliwahi kufika wapi ataangalia tangazo la ploti kwa macho mengine. Mtu anayejua mkataba wa 1904 ataelewa kwa nini siasa za ardhi huku hazipoi kila uchaguzi. Hii ni taarifa ya kukuokoa, na iko hapo, inapigwa na upepo, kwa nauli ndogo kuliko pizza.

Kwa wale watauliza: makumbusho ya Hyrax Hill na Kariandusi kiingilio cha Mkenya ni kidogo, beba kitambulisho. Mbuga ya Ziwa Nakuru ni ghali zaidi na unalipia mtandaoni kupitia eCitizen, kwa hivyo angalia bei kabla ya kutoka. Menengai usiende peke yako na usishuke ndani bila mtu anayejua njia. Beba maji. Usibebe jiwe lolote nyumbani, hata dogo, hata kama linang'aa. Na ukitembezwa na mtu, muulize swali moja: nani alikuwa hapa kabla, na alienda wapi?

Mimi na jamaa yangu tumepanga Bogoria mwezi ujao, tukaone flamingo walihamia wapi. Yeye ndiye alipendekeza. Anasema anataka kujua kama wao walipata mahali pazuri. Gari lina nafasi nne, tunagawana mafuta. Mwenye bao la kubeba, aje nalo.