Kumpeleka Mama Mumbai

Wazee wetu wa Pwani waliujua mji wa Bombei tangu zamani, kabla haujabadilishwa jina mwaka 1995 na kuitwa Mumbai. Waliufikia kwa majahazi, wakienda na pepo za kusi na kurejea na kaskazi. Pembe zilikwenda, nguo zikarudi. Siku hizi jamaa zetu wengi huufikia kwa ndege, na mzigo walioukumbatia ni bahasha ya picha za eksirei na majibu ya maabara. Sisi tunaoishi Kibomet, pembezoni mwa Kitale, tulikuwa miongoni mwao. Mama yetu alipatikana na uvimbe katika titi, na baada ya mashauriano Eldoret na Nairobi, jamaa tulikubaliana apelekwe huko. Tunayaandika haya kwa ajili ya familia zitakazokabiliwa na safari kama hiyo, na hasa kwa dada zetu, kwa maana aghalabu wao ndio wauguzi wa wagonjwa wetu.

Safari huanza kwa kikao cha familia, na katika kikao hicho yapo maswali yasiyofaa kukwepwa. Je, tiba hii haipatikani kwetu? Daktari wa pili aulizwe, tena asiyekuwa na uhusiano na yule wa kwanza. Je, gharama yote ni kiasi gani? Hospitali iombwe makadirio kwa maandishi, yenye upasuaji, dawa, vipimo na siku za kulala wodini. Alitujia dalali mmoja aliyetaka fedha mkononi kabla ya kutuonyesha barua yoyote. Tulimwaga kwa adabu, tukaiandikia hospitali wenyewe, na majibu yakaja baada ya siku chache.

Swali la mwisho aliliuliza Mama mwenyewe: ikiwa ajali yangu iko huko, mtafanyaje? Kila mtu aliinamisha kichwa. Akasema, "Nikifa huko, nizikeni huko huko, ardhi yote ni ya Mwenyezi Mungu. Msizunguke kuomba watu fedha za kusafirisha maiti na hali mna deni." Kisha akataja wanaomdai na anaowadai, na kaka yetu akaandika. Ilikuwa saa nzito, lakini tulipoondoka hapakuwa na jambo lililofichwa moyoni. Tunazinasihi familia zisiione aibu kuandika wasia kabla ya safari ya ugonjwa.

Sasa tuje kwenye karatasi. India hutoa viza maalumu ya matibabu, na hadi watu wawili wanaweza kupewa viza ya kumsindikiza mgonjwa. Barua ya hospitali ndiyo msingi wake, na jina katika barua lilingane herufi kwa herufi na lile la pasipoti. Msafiri atokaye Kenya hutakiwa pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti hicho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na asiyekuwa nacho anaweza kuzuiliwa karantini hadi siku 6. Mgonjwa ambaye kinga yake ni dhaifu asichanjwe kabla ya kumuuliza daktari wake.

Kuhusu fedha, chukueni dola. Azidishaye dola 5,000 taslimu azitangaze forodhani. Hesabu za hospitali huandikwa kwa laki, na hapo Mswahili hapotei, kwani laki yao ndiyo laki yetu, 100,000. Ila mikato ya tarakimu hukaa mahali pengine: wao huandika 1,00,000, nasi tukaisoma kila hati mara mbili kabla ya kulipa.

Sisi watatu, yaani Mama, kaka yetu na mmoja wetu wa kike, tulipanda basi la usiku kutoka Kitale hadi Nairobi, tukapumzika siku moja kwa jamaa, kisha tukaruka kwa yapata saa sita hadi Mumbai. Saa za huko zimetangulia zetu kwa saa mbili na nusu. Ukitoka uwanjani, lipia teksi kwenye dirisha la ndani na upewe risiti, usifuate anayekushika begi nje. Tuktuk zimejaa vitongojini, lakini hazivuki Bandra na Sion kuingia kusini mwa jiji; huko ni teksi nyeusi zenye paa la manjano. Treni za mjini zina mabehewa ya wanawake peke yao, nayo ni sitara kubwa. Epuka tu asubuhi zinapoelekea kusini na jioni zinaporudi, maana msongamano wake humwangusha hata mzima.

Mtaa wa Parel una hospitali nyingi, ikiwemo Tata Memorial, hospitali ya saratani iliyofunguliwa mwaka 1941. Mama alitibiwa katika hospitali nyingine jirani. Tulikodi chumba cha kutembea kwa miguu hadi wodini, chenye jiko, na twaona hilo lilitufaa kuliko hoteli nzuri ya mbali. Mgonjwa wa dawa za saratani hukinai vyakula vya watu. Mama alikataa kila kitu mpaka tulipogundua kwamba wimbi linauzwa huko, kwa jina la nachni. Siku alipokunywa kikombe kizima cha uji, tulilia.

Kwa dada zetu wenye kujisitiri: unayo haki ya kuomba daktari au muuguzi wa kike wakati wa kufungwa kidonda, na ombi hilo litajwe mapema, kabla ya siku ya upasuaji. Lugha isikutishe. Wahindi husema dawa, bima, sabuni, barafu, duka na hisabu kwa matamshi yanayokaribiana sana na yetu, na muuguzi akisikia neno lake kinywani mwako, uso wake hufunguka.

Kibomet tunaswali tukielekea kaskazini. Mumbai kibla ni upande wa machweo. Waislamu wengi wa huko ni Mahanafi, hivyo adhana ya alasiri huchelewa kuliko tulivyozoea sisi Mashafi. Misikiti mingi haina nafasi ya wanawake, basi mkeka wa kuswalia usikosekane mkobani. Hukumu ya kupunguza swala hutegemea siku mlizonuia kukaa, na mashekhe wanatofautiana; muulizeni shekhe wenu kabla ya kuondoka. Nyama ya halali ni tele Mohammed Ali Road na Bhendi Bazaar. Ng'ombe hamtamwona sahanini, kwani sheria ya jimbo inakataza kumchinja. Kuna mbuzi, kuku, samaki na nyati wa kufugwa.

Kusi ile ile ivumayo kwetu ndiyo iletayo mvua za Mumbai, kuanzia Juni hadi Septemba. Barabara hufurika na treni husimama. Mkiweza kuchagua majira, yaepukeni hayo. Sisi ugonjwa haukutupa hiari. Hata hivyo, jioni moja ya mvua Mama aliomba kuiona bahari, tukampeleka Marine Drive, na hapo akamkuta mchuuzi akichoma mahindi ya mkaa, akiyapaka ndimu na pilipili. Alilitazama lile gunzi kwa jicho la mkulima wa Trans Nzoia, akasema punje zake ni ndogo. Tulicheka, naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani.

La mwisho ni hili. Msiondoke hospitalini bila ripoti kamili ya matibabu, majibu ya maabara na picha zote. Mwombeni daktari aandike jina la asili la kila dawa pamoja na lile la kibiashara, kwa sababu jina la kampuni ya huko huenda halijulikani katika famasi za Kitale. Kwa karatasi ile, Mama ameendelea kupimwa Eldoret bila kurudia mambo upya. Ameandikiwa kidonge kimoja kila siku kwa miaka 5, na sasa yuko katika wa pili. Nywele zimeota, zikiwa na mvi zaidi kuliko awali. Deni lingalipo, nalo linapungua mavuno kwa mavuno.