Tulipocheka, Mwari Wetu Alinyamaza



Wiki mbili kabla ya harusi ya mdogo wetu tulijifungia chumbani kwake, sisi dada zake watatu na yeye, na sahani ya visheti katikati. Tukaangalia The Farewell, filamu ya Lulu Wang ya mwaka 2019. Bibi mmoja wa mji wa Changchun, China, ana saratani ya mapafu. Jamaa zake wote wanajua, yeye peke yake hajui. Ili wapate kisingizio cha kuja kumuaga, wanafanya harusi ya haraka ya mjukuu wake, Hao Hao, na Aiko, msichana wa Kijapani aliyejuana naye miezi mitatu tu.

Ni filamu ya kuchekesha na kuliza kwa pamoja. Mkubwa wetu alicheka mpaka akashika mbavu, hasa pale bibi anapowaamrisha maharusi namna ya kukaa mbele ya mpiga picha. Wa pili alilia tangu mwanzo. Alimkumbuka bibi yetu, ambaye na sisi tulimficha maradhi yake mpaka Allah alipomchukua. Wa tatu alikasirika: "Uongo ni uongo tu, hata ukivishwa shela!" Tukabishana weee.

Mwari wetu hakucheka wala hakulia. Tulidhani imemchosha. Tulipozima taa ndipo akasema: "Yule Aiko hata lugha yao haijui. Kuna aliyemuuliza chochote?"

Tukanyamaza. Ukumbi tulichagua sisi. Rangi za nguo, sisi. Waalikwa, sisi na mashangazi. Yeye aliitika "sawa" tu, nasi tukaona ni furaha.

Tumefundishwa kwamba mwari akiulizwa kuhusu ndoa, ukimya wake ni ridhaa. Lakini sharti kwanza aulizwe! Kuhusu mume aliulizwa, na alimtaka, alhamdulillah. Baada ya hapo hatukumuuliza tena.

Usiku ule tulimuuliza. Hakutaka ukumbi. Alitaka nikaha msikitini na walima uani kwetu, pale bibi alipokuwa akisukia ukili. Ikawa hivyo. Waliokosa kualikwa walinuna, na mama alichukua siku kadhaa kukubali. Lakini siku yenyewe mdogo wetu alicheka mpaka wanja ukamchuruzika.

Wapenzi, mkikaa na bi harusi wenu, msiwaangalie wanaocheka na wanaolia tu. Muulizeni aliyenyamaza.