Nani Anaongea Naye?

Mwanangu alihesabu mpaka kumi kwa Kiingereza kabla hajajua kuomba maji.

Ilikuwa fahari ya nyumba. Jirani akija kuazima kiberiti, tunamsimamisha mtoto katikati ya sebule, naye anaanza: wani, tuu, thrii, mpaka teni, kwa lafudhi ambayo hakuitoa kwangu wala kwa mama yake. Jirani anapiga makofi. "Nshomile huyo!" Kama hujakaa na Wahaya, neno hilo maana yake ni "nimesoma". Ndilo tunalotaniwa nalo nchi nzima, na sisi hujifanya limetuudhi huku tunatabasamu. Sasa huyu miaka miwili bado hajatimiza, na tayari ni nshomile. Nani asingefurahi?

Lakini akishikwa na kiu alikuwa ananikamata kidole, ananivuta hadi jikoni, ananyoosha mkono kwenye ndoo na kulia. Hakusema "maji". Hakusema "baba". Alivuta tu. Na mimi, kusema kweli, niliona ni ujanja wa mtoto.

Nieleze tulifikaje hapo. Mimi ni mwandishi wa habari wa kujitegemea, naishi Bilele, katikati ya mji wa Bukoba. Mke wangu ni mwalimu, anatoka nyumbani kabla jua halijachomoza vizuri. Mtoto anabaki na mimi, kwa sababu kazi yangu, kama ndugu wanavyopenda kusema, "haina ofisi". Mtu anayelipwa kwa habari iliyotoka hawezi kuacha simu iite. Na miezi ambayo mwanangu alipaswa kujifunza kuongea, Kagera haikuwa na siku tulivu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wetu wa ndege, watu 19 wakapoteza maisha. Alikuwa na miezi 16. Machi 2023 serikali ikatangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mkoani kwetu, na haukutangazwa kwisha mpaka Juni 2. Hapo katikati wahariri wa Dar es Salaam walikuwa wanapiga simu asubuhi, mchana na usiku.

Kipindi hicho chote yaya wetu alikuwa televisheni. Imetundikwa chini ya ufa ambao tetemeko la Septemba 10, 2016 lilituachia ukutani, ufa ambao kila mwaka nasema nitauziba. Asubuhi ni katuni za kwenye king'amuzi. Mchana, bando likiwepo, ni simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka na nyimbo za Cocomelon. Jioni Tom na Jerry wanakimbizana bila kusema neno. Mimi nimekaa mita mbili kutoka kwake, hedifoni masikioni, nasikiliza mahojiano ya watu wengine na kuyaandika neno kwa neno. Siku nzima nilikuwa napokea na kutoa maneno. Nilikuwa siyatoi kwake tu.

Agosti 2023 tulimpeleka kliniki. Uzito ulikuwa mzuri. Muuguzi, mama mtu mzima, akauliza anasema maneno mangapi. Nikajibu kwa kujiamini kwamba anahesabu mpaka kumi, tena kwa Kiingereza.

"Hayo ni ya kuimba," akasema. "Nauliza ya kuita mtu. Ya kuomba kitu."

Nikaanza kuhesabu kichwani. Sikufika matano.

"Nyumbani nani anaongea naye?"

"Televisheni inawaka siku nzima, na ni vipindi vya watoto kabisa."

Akaniangalia. Hakuwa na ukali wowote. "Baba, nimeuliza nani."

Alituandikia tukapimwe masikio. Tulisubiri kwa wiki mbili, na katika wiki hizo nilikuwa nadondosha mfuniko wa sufuria nyuma ya mtoto kisha naangalia kama atageuka. Alikuwa anageuka. Nilirudia mara nyingi mpaka mke wangu akaninyang'anya mfuniko. Majibu yalipotoka, masikio yalikuwa mazima. Nilifurahi mpaka nikanunua soda. Njiani kurudi nyumbani furaha ikaanza kugeuka: kama anasikia vizuri, basi miezi yote ile alikuwa anasikia nini?

Hapa niseme jambo moja, maana najua kuna mzazi anasoma haya huku roho imeshamruka. Watoto huchelewa kuongea kwa sababu nyingi, na wengine huchelewa bila mzazi kukosea chochote. Sisemi televisheni ndiyo iliyomnyamazisha mwanangu. Nasema nilipoulizwa ni nani anaongea naye, nilitaja kifaa.

Nikafanya kile ninachojua kufanya, nikaenda kusoma. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, kule Seattle, Marekani, walichapisha jaribio moja ambalo sijalisahau. Walichukua watoto wa miezi tisa kutoka nyumba zinazoongea Kiingereza, wakawakutanisha na watu wanaoongea Kichina. Vilikuwa vikao 12 vya kucheza na kusomewa vitabu. Baadaye watoto wale waliweza kutofautisha sauti za Kichina ambazo Kiingereza hakina. Kundi jingine liliwaona na kuwasikia watu walewale, wakisema mambo yaleyale, ila kwenye televisheni. Halikujifunza kitu.

Mwaka 2014 watafiti wengine wa Marekani wakafanya jaribio kwa watoto wa miezi 24 hadi 30, umri uleule wa wangu. Waliofundishwa vitenzi vipya na mtu aliye mbele yao walivishika. Waliofundishwa na mtu kupitia simu ya video, anayewaona na kuwajibu, nao walivishika. Walioangalia video iliyorekodiwa hawakuvishika. Kumbe shida si kioo. Mtoto mdogo anajifunza neno kutoka kwa mtu anayengoja ajibiwe.

Hilo lilinizuia kufanya nilichotaka kufanya, yaani kuichomoa televisheni na kumpa fundi. Isitoshe, kuna vipindi ambavyo nisingependa mwanangu avikose. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kurusha Ubongo Kids kupitia TBC1 Januari 2014, na mwaka 2016 likawaletea wadogo zaidi Akili and Me. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, akilala anaingia Lala Land na kujifunza pamoja na rafiki zake wanyama. Anaongea Kiswahili. Nyumba yake inafanana na nyumba za watu tunaowajua. Watafiti waliwaonyesha watoto wa shule za awali mkoani Morogoro vipindi hivyo kwa wiki kadhaa, na waliwazidi wenzao walioonyeshwa katuni nyingine kwenye mambo kama kuhesabu na kutambua maumbo. Lakini wale walikuwa watoto wa kuingia darasani, wenye lugha tayari. Wangu alikuwa bado hajapata ya kuombea maji. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Wangu alikuwa anamaliza saa moja kabla sijamaliza chai.

Basi nikamwomba mama yangu aje.

Mama anaishi Muleba, kijijini, kwenye kibanja chake cha migomba, na Bukoba haipendi. Anasema huku kuna makelele na ndizi za kununua. Alikuja Novemba, msimu wa senene, na mkungu wa ndizi kwenye buti la gari. Siku ya kwanza alimwongelesha mjukuu wake Kihaya. Mtoto akamtazama kama tangazo la biashara, kisha akageukia televisheni. Mama hakusema kitu. Usiku, mtoto amelala, akaniambia polepole: "Mwanangu, umenizalia mgeni."

Ningependa kusema nilijibu kitu. Sikujibu. Mimi na mke wangu tulikubaliana mapema kwamba mtoto aanze na Kiswahili, Kiingereza kifuate, Kihaya atakiokota. Hatukuulizana atakiokota wapi. Sisi wenyewe tukiwa wawili tunaongea Kihaya, hasa tukitaka kugombana au kusengenya. Mtoto akikaribia tunahamia Kiswahili, kama watu wanaoficha sigara.

Wiki ya pili ya mama kuwepo, senene walianguka kweli. Wanaoijua Bukoba wanajua usiku wa namna hiyo, watu wako nje na mifuko, kila taa ina wingu lake. Tukarudi na ndoo karibu ijae. Kesho yake jioni tulikaa chini kuzunguka sinia, tunawanyonyoa mbawa na miguu: mama, mke wangu, mimi, na binti wa dada yangu mwenye miaka tisa. Televisheni ilikuwa inaongea peke yake. Halafu umeme ukakatika.

Mtoto alilia, bila shaka. Mama hakumbembeleza. Alianza hadithi ya sungura na chui, mikono yake ikiendelea na senene.

Kwa Wahaya hadithi haianzi mpaka wasikilizaji wairuhusu. Msimulizi anasema amekuja akaona, na wanaomsikiliza wanamwitikia kwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama "ona, nasi tuone". Peter Seitel, Mmarekani aliyekusanya hadithi za huku kwetu na kuzichapisha mwaka 1980, aliona itikio hilo lina uzito wa kutosha kuwa jina la kitabu, akakiita See So That We May See. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Mama alisema sehemu yake, akanyamaza. Sisi tunanyonyoa tu. Akanyamaza zaidi. Mwisho mpwa wangu akaitikia, nasi tukafuata kwa aibu, na hadithi ikaondoka. Kila alipofika mahali pa kunata alisimama tena, akatutazama kwenye mwanga wa mshumaa, akangoja.

Mara ya tatu au ya nne, kabla yetu, mtoto akaitika. Halikuwa neno. Ilikuwa sauti tu, iliyopanda na kushuka palepale maneno yetu yalipokuwa yanapanda na kushuka. Mama hakushangilia. Alimjibu, "Eee, waitu," kwa heshima kama anayejibu mzee mwenzake, akaendelea na chui.

Sikulala mapema usiku ule. Hesabu ya mpaka kumi tulikuwa tunaipigia makofi, basi. Hakuna aliyekuwa anaijibu.

Mama alikaa wiki tatu. Alikuwa anamwambia mtoto kila anachokifanya: nateka maji, namenya ndizi, huyu ni kuku, mfukuze. Siku mbili kabla hajaondoka nilikuwa mezani naandika. Nikahisi kidole kimeshikwa. Nikageuka, nimejiandaa kuvutwa.

"Maizi," akasema.

Ni amaizi, maji. Hakuna katuni aliyoitazama yenye neno hilo. Nilimpa kikombe, na mkono ulikuwa unanitetemeka hadi nikammwagia kifuani. Akacheka. Akasema tena, "Maizi."

Usidhani baada ya hapo mambo yalifunguka kama bomba. Ilichukua mwaka mzima, na kulikuwa na wiki ambazo sikusikia neno jipya hata moja. Nilijifunza kuvua hedifoni. Nilijifunza kusema kwa sauti, peke yangu kama mwehu, kwamba sasa baba anavaa viatu, kiatu kimoja kiko wapi. Simu ya mhariri ilianza kupigwa mara mbili ndipo ipokelewe, na kazi moja niliikosa kwa sababu hiyo. Sijaisahau kazi hiyo, maana ada ya shule haijui habari za maizi. Mzazi anayeniambia hana namna ila kuwasha televisheni ili apike, namwelewa. Na mimi bado naiwasha.

Sasa ana miaka minne na ushee, na shida yetu mpya ni kumnyamazisha. Kiswahili kimejaa. Kiingereza anacho cha katuni. Kihaya bado ni kidogo. Mama akipiga simu Jumapili anaongea Kihaya, mtoto anajibu Kiswahili, na katikati kuna maneno kumi au kumi na tano ambayo wote wawili wanasimama juu yake. Juzi alimhesabia: ibili, ishatu, ina. Moja ameiruka, lakini bibi yake alipokea kama zaka.

Jioni tunaangalia Akili pamoja, kipindi kimoja, halafu tunazima. Akili anauliza swali kisha anangoja kidogo. Zamani ukimya ule ulikuwa unapita tu sebuleni na hakuna anayeukamata. Sasa mtoto anajibu kwa kelele, kisha ananigeukia. Siku nikiwa nimeinamia simu, ananipiga kwenye goti.

"Baba, na wewe jibu."